Mtoto na Bundi Aliyevunjika Bawa

Lipo tukio ambalo hutokea katika shule nyingi za mashambani, wala haliandikwi katika daftari lolote la shule. Asubuhi, kabla ya kengele, wanafunzi wanaofagia uwanja humkuta bundi chini ya ukuta wa darasa, bawa moja likiburura vumbini, macho yamemtoka, mdomo ukigongagonga kwa hofu. Mmoja huokota jiwe. Wa pili hukimbia akipiga kelele kwamba uchuro umeingia shuleni. Mzee apitaye njiani huagiza ndege huyo auawe na kuchomwa moto kabla jua halijapanda. Lakini aghalabu yupo mtoto mmoja, huenda ni yule mkimya akaaye nyuma ya darasa, ambaye huvua sweta lake akamfunika ndege yule, kisha husimama kati yake na mawe. Mwalimu afikapo, mtoto huyo humwuliza swali moja tu: "Mwalimu, je, atapona?"

Makala haya yanahusu jibu la swali hilo. Kwa mtazamo wa haraka jambo lenyewe ni dogo: ndege mmoja, mtoto mmoja, asubuhi moja. Lakini katika dakika zile chache mwalimu ama humfungulia mtoto mlango wa elimu, ama humfungia, na pengine hautafunguka tena.

Mwalimu anazo njia mbili rahisi, na zote mbili ni mbaya. Njia ya kwanza ni kumcheka mtoto, kumwamuru amtupe ndege porini, kisha kuingia darasani na kuchora ubaoni mifupa ya bawa la ndege. Njia ya pili ni kumsifu bila kufikiri, kumruhusu amchukue ndege nyumbani, amlishe ugali na kumnywesha maji mpaka afe siku ya tatu. Njia ya kwanza huua moyo wa mtoto. Ya pili humwua ndege, na akiwa mnyama wa aina nyingine, yaweza kumwua mtoto mwenyewe. Iko njia ya tatu, ambayo ndiyo rai ya makala haya: huruma ya mtoto ichukuliwe kuwa ndiyo swali la kwanza la kisayansi, kisha ifundishwe kazi yake.

Yafaa kueleza kwa nini huruma hiyo ni sayansi tayari, hata kabla haijafundishwa. Yule aliyeokota jiwe hakumwona ndege. Aliona jina tu, "bundi," pamoja na hadithi zote zilizofungamana na jina hilo. Mtoto aliyevua sweta aliona bawa. Aliona kwamba upande mmoja hauinuki, kwamba ndege anapumua kwa haraka, kwamba jicho moja limefumba. Kwa maneno mengine, alichunguza. Hapana uchunguzi wa viumbe ulioanza kwa namna nyingine: ni lazima mtu akijali kitu kwanza ndipo akitazame kwa muda wa kutosha kukielewa. Kazi ya mwalimu, basi, si kupanda huruma, maana imekwisha kuota. Kazi yake ni kuipa maswali ya kuuliza kabla mkono haujanyooshwa.

Swali la kwanza ni hili: je, kiumbe huyu ameumia kweli? Mtoto hudhani kwamba kila mnyama mchanga aliye peke yake ni yatima. Sivyo. Digidigi, pongo na swala wengine wengi huwaficha watoto wao majanini kwa majuma ya kwanza ya maisha. Mama huenda kulisha mbali, naye mtoto hulala kimya bila kutikisika. Mama humrudia kwa nyakati chache tu kumnyonyesha, humlamba na hata kula kinyesi chake, ili harufu isiwaite mbweha na chui. Mtoto wa shule apitaye hapo huona kijidigidigi kimekaa peke yake, kikimtazama bila kukimbia, naye kwa wema wake hukichukua kifuani akakipeleka nyumbani. Jioni mama hurudi mahali patupu. Hivyo huruma isiyojua imemfanya kuwa yatima mnyama ambaye hakuwa yatima. Ndivyo ilivyo pia kwa makinda ya shore na ndege wengine wa bustanini, ambao hutoka kiotani siku kadhaa kabla ya kuweza kuruka vyema, huku wazazi wao wakiendelea kuwalisha chini. Kinda aliyeota manyoya, arukaye hatua mbili na kusimama, hahitaji kuokolewa ila na paka. Asiye na manyoya na arudishwe kiotani mwake, ikiwa kiotani pafikika. Imani kwamba ndege humkataa kinda aliyeguswa na mkono wa mtu haina msingi.

Swali la pili humhusu mtoto mwenyewe: je, kumshika mnyama huyu kuna hatari gani? Hapa mwalimu hana ruhusa ya kulegea. Kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa wanyama wote wanyonyeshao, nao huambukizwa kwa mate yaingiapo katika jeraha. Dalili zake zikisha kuonekana kwa mtu, karibu hapana aponaye. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao katika Asia na Afrika, na kwamba katika kila kumi wanaokufa wanne ni watoto walio chini ya miaka 15. Wengi huumwa na mbwa. Lakini mbweha, nguchiro na fisi nao huugua. Dalili moja ya ugonjwa ni ile ile ambayo mtoto huipokea kama urafiki: mnyama wa porini kupoteza woga wake kwa binadamu. Mbweha anayekubali kupapaswa si mbweha mpole. Huenda ni mbweha anayekufa.

Mtoto na afundishwe, basi, pasipo kutishwa, kwamba mnyama anyonyeshaye aliyejeruhiwa hashikwi kwa mkono. Na kama ameumwa au kukwaruzwa, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo kupata chanjo. Chanjo hiyo ilitumika mara ya kwanza kumwokoa mtoto wa miaka tisa, Joseph Meister, mjini Paris mwezi Julai 1885, mikononi mwa Louis Pasteur. Nao popo wahesabiwe katika kundi hilo. Aina moja ya popo wala matunda wanaoishi mapangoni imethibitishwa kuwa hubeba virusi vya Marburg, ugonjwa ambao ulizuka katika Mkoa wa Kagera mwaka 2023 na tena mwaka 2025. Popo aliyeanguka aachwe alipo, naye mtu mzima aitwe.

Bundi hana kichaa cha mbwa, kwa kuwa ni ndege. Lakini ana kucha zipenyazo ngozi, na vimelea visivyoonekana. Atakayemfunika na atumie kitambaa kizito, kisha anawe mikono kwa sabuni.

Swali la tatu ni hili: kiumbe huyu anahitaji nini? Jibu la mtoto ni chakula na maji, kwa sababu hivyo ndivyo yeye mwenyewe afanyiwavyo auguapo. Jibu la sayansi ni giza, joto na utulivu. Ndege aliyeshikwa na mshtuko mapigo ya moyo wake yamepanda. Kila jicho linalomkodolea na kila mkono unaompapasa humwongezea hofu, na hofu peke yake yaweza kumwua. Sanduku la karatasi lenye matundu madogo ya hewa, kitambaa chini, kifuniko juu, na mahali pasipo kelele, hayo yatosha kwa saa za kwanza. Maji yasimiminwe mdomoni. Tundu la njia ya hewa la ndege liko nyuma tu ya ulimi, na maji yanayomiminwa kwa nguvu huingia mapafuni. Ugali haumfai bundi kwa vyovyote, kwa kuwa bundi hula nyama peke yake.

Hapo ndipo somo la ubaoni linapopata uhai. Mwanafunzi aliyesoma kwamba katika ndege wengi mfupa wa juu wa bawa una uwazi uliounganika na vifuko vya hewa, sasa huelewa kwa nini mfupa huo ukivunjika na kutoboa ngozi jambo hilo ni zito kuliko kuvunjika kwa mkono wa mtu. Hatalisahau tena.

Pia huelewa kwa nini kinda asifugwe na kuwa rafiki wa nyumbani. Mwaka 1935 Konrad Lorenz wa Austria alieleza kwamba vifaranga vya bata bukini, mara vinapoanguliwa, hushika sura ya kiumbe cha kwanza kinachotembea mbele yao na kukifuata kama mama, hata kiumbe hicho kiwe ni mtu. Kwa kazi ya namna hiyo Lorenz, pamoja na Karl von Frisch na Nikolaas Tinbergen, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1973. Ndege aliyelelewa na mtu tangu uchanga wake huweza kukua akidhani yeye ni mtu. Hajui kuwinda, hamjui mwenzake, hamwogopi adui. Amepona mwili, lakini amepoteza ulimwengu wake.

Zaidi ya hayo ipo sheria. Nchini Tanzania, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kumkamata wala kumweka mnyama wa porini bila kibali; Kenya nayo inayo sheria yake ya mwaka 2013. Kwa hiyo hatua ya kweli ya huruma ni kupeleka habari kwa ofisa wanyamapori wa wilaya au kwa daktari wa mifugo. Mtoto anayejua kwamba mahali hapo pana mtu wa kuitwa, na kwamba yeye ndiye aliyemwita, amefanya tendo la raia pamoja na tendo la wema.

Swali la nne ndilo gumu kuliko yote, nalo halina budi kuulizwa mbele ya darasa zima: ni nini kilichomjeruhi? Pengine ni gari usiku. Pengine ni manati ya mwanafunzi wa darasa lile lile. Pengine ni waya wa mtego uliowekwa kwa ajili ya digidigi. Pengine hakuvunjika kitu, bali analegea kwa sababu amekula panya aliyekula sumu iliyowekwa ghalani. Mara nyingi uchunguzi huu humalizikia kwa binadamu. Mtoto aliyeanza kwa kumhurumia ndege mmoja sasa ameanza kufikiri juu ya barabara, mitego na sumu, na hayo ni mambo yawezayo kubadilishwa.

Tena mwalimu asimfiche mtoto ukweli. Wanyama wengi waliojeruhiwa hufa hata wakitunzwa vyema, na mara nyingine daktari huamua kumfisha mnyama kwa dawa ili kukatisha mateso yake. Mtoto aulizaye "Je, atapona?" anastahili kuambiwa, "Huenda asipone. Lakini hatateseka bure, na tutajifunza jambo kwa ajili ya mwingine ajaye." Kumwambia kwamba bundi ameruka akaenda zake, hali amezikwa nyuma ya jiko, ni kumfundisha kwamba elimu yaweza kusema uongo pale ukweli unapouma.

Kwamba huruma ikifundishwa huzaa maarifa makubwa, mfano uko karibu. Daphne Sheldrick, aliyezaliwa Kenya mwaka 1934, alilea pongo yatima akiwa bado mtoto mdogo. Alipokuwa mtu mzima katika mbuga ya Tsavo aliletewa ndama wa tembo waliokuwa wangali wakinyonya. Aliwapenda, nao wakafa mmoja baada ya mwingine, kwa kuwa mafuta yaliyomo katika maziwa ya ng'ombe hayawafai. Mapenzi hayakutosha. Kwa zaidi ya miaka 20 alijaribu mchanganyiko mmoja baada ya mwingine, mpaka akagundua kwamba mafuta ya nazi ndiyo yanayokaribiana na mafuta ya maziwa ya tembo. Hata hapo alikosea tena. Ndama mmoja aliyekuwa amestawi kwa maziwa hayo alidhoofu na kufa Sheldrick alipoondoka kwa siku chache, kwa sababu alikuwa amemzoea yeye peke yake. Tangu hapo ndama walilelewa na walinzi kadhaa wa zamu, wasije wakafungamana na mtu mmoja. Alipofariki mwaka 2018, tembo yatima zaidi ya 200 walikuwa wamelelewa kwa njia hiyo. Kila hatua ya safari hiyo ilikuwa huruma, na kila hatua ilikuwa pia kosa lililochunguzwa na kusahihishwa. Hiyo ndiyo maana ya sayansi.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya anasa. Mtoto wa Bunda au Taveta, ambaye shamba la baba yake limeliwa na tembo usiku mmoja, afundishwe kumhurumia mnyama? Hoja hii ni nzito, wala haifai kudharauliwa. Lakini huruma inayozungumzwa hapa haimtaki mtu akane hasara yake, wala haimtaki asimfukuze tembo shambani. Inamtaka amtofautishe mnyama aliye hatari na mnyama aliye hoi, na amjue adui wa kweli wa chakula chake. Na katika hilo hapana mfano bora kuliko bundi yule yule.

Wataalamu waliochunguza panya nchini Tanzania wamekadiria kwamba viumbe hao huharibu hadi asilimia 15 ya mavuno ya mahindi kwa mwaka wa kawaida, na zaidi ya hapo katika miaka ya mfumuko wao. Panya na viroboto wao huhusika pia na ugonjwa wa tauni, ambao uliisumbua Wilaya ya Lushoto kwa miaka mingi tangu 1980. Bundi wa ghalani, mwenye uso wa mfano wa moyo, ambaye wataalamu humwita Tyto alba, hula panya usiku kucha. Hata akikamata wawili tu kwa usiku, mwanafunzi na apige hesabu: kwa mwaka ni 730. Huwakamata gizani kwa masikio, kwani sikio lake moja liko juu kidogo kuliko la pili, naye hupima tofauti ya sauti kati ya hayo mawili. Mmarekani Roger Payne alithibitisha jambo hili kwa kumweka bundi katika chumba chenye giza totoro. Ndege akamshika panya kwa kufuata mchakacho wa majani peke yake.

Na ule uchuro? Mwalimu asiwatukane wazee. Awape wanafunzi swali la kupima. Bundi hulia usiku mwingi wa mwaka, lakini watu wengi wamelala. Nyumbani penye mgonjwa mahututi watu hukesha. Ndio usiku wanaomsikia. Mgonjwa akifa, sauti ile hukumbukwa, akipona, husahauliwa. Je, ni bundi aliyeleta kifo, au ni ugonjwa ulioleta masikio? Mwanafunzi atakayeweka daftari la usiku ambao bundi amelia, pamoja na yaliyotokea baadaye, atakuwa amejifunza kanuni ya ushahidi kwa njia ambayo kitabu hakiwezi kumfundisha.

Shule, basi, na zifanye mambo matatu, ambayo hayahitaji fedha. Kwanza, ukutani mwa chumba cha elimu ya viumbe yaandikwe maswali manne yaliyotajwa, pamoja na namba ya simu ya ofisa wanyamapori na ya daktari wa mifugo. Pili, liwekwe daftari la matukio: tarehe, mahali, aina ya mnyama, jeraha, sababu inayodhaniwa, na mwisho wake. Baada ya miaka mitano daftari hilo litaonyesha ni barabara gani inayoua na ni mwezi gani. Tatu, wanafunzi waokote kwa kijiti madonge ambayo bundi huyatema chini ya mti alalapo, wayakaushe na kuyapasha moto, kisha wayafumue na kuhesabu mafuvu ya panya yaliyomo, wakikumbuka kunawa mikono. Shule yenye bundi darini inayo maabara tayari.

Yule mtoto aliyevua sweta hakujua lolote kati ya haya. Alijua tu kwamba kiumbe hai anateseka mbele yake na kwamba mawe si jibu. Hayo ni machache, lakini ndiyo ambayo hayafundishiki kwa urahisi. Yaliyobaki yote yanafundishika. Jamii inayotaka wataalamu wa mifugo, wa misitu, wa maradhi na wa mazingira haina haja ya kuwatafuta mbali. Mmoja wao amesimama uwanjani asubuhi hii, hana sweta, anangoja mwalimu amjibu.